Nywila ya BIOS, Secure Boot au kusimba diski: ipi inailinda kompyuta yako ya kazi?

Kompyuta ya kazi ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, iwe HP Z, Dell Precision au Lenovo ThinkStation, ikifika mikononi mwako Kisumu au Nakuru kwa kawaida huwa haina kinga yoyote ndani ya BIOS, ile programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows. Huo si uzembe wa muuzaji. Aliyeitayarisha kuuzwa tena alilazimika kufuta nywila zote, la sivyo usingeweza kubadilisha hata saa. Kuziwasha upya ni kazi yako, na hapo ndipo watu hupotea. Menyu ya Security ina vipengele vingi vyenye majina yanayokaribiana. Mtu anaweka nywila moja, anaona skrini nyeusi ikimwuliza kitu kabla ya Windows kuja, anaridhika, anarudi kwa wateja.

Nitalinganisha kinga nne zinazochanganywa sana: nywila ya mipangilio, nywila ya kuwasha, nywila ya diski, na kusimba diski (kuigeuza data isisomeke bila ufunguo) kwa msaada wa TPM, chipu inayotunza ufunguo huo. Secure Boot nitaizungumzia peke yake, kwa sababu sifa nyingi inazopewa si zake. Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue ninakoelekea: mwenye muda wa kufanya mambo mawili tu aweke nywila ya mipangilio na asimbe diski. Nywila ya kuwasha, ambayo ndiyo hupendwa zaidi, ndiyo ninayoipa alama za chini kabisa.

Jua kwanza unamzuia nani

Kuna mwizi anayebeba mashine nzima usiku. Kuna mteja au kijana wa kazi anayeachwa peke yake mezani akiwa na flashi mfukoni. Kuna fundi wa mtaa wa pili unayemwachia mashine hadi kesho. Halafu kuna programu hasidi inayotaka kujificha chini ya Windows, mahali ambapo antivirasi haifiki. Kila kinga humzuia mmoja au wawili kati ya hao. Hakuna inayowazuia wote.

Katika duka la uchapishaji la Kondele au ofisi ya mpimaji ardhi Kakamega, hasara kubwa huwa ndani ya diski: nakala za vitambulisho, PIN za KRA, hati za mashamba, vyeti vya KCSE vya nusu ya mtaa. Mashine utanunua nyingine. Nakala hizo zikishatoka hazirudi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiangalii kama biashara yako ni kibanda au jengo la ghorofa. Data za watu zikiangukia mikono isiyofaa na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Wenyewe wenye data nao wanapaswa kuambiwa, ila sheria inakuondolea wajibu huo ikiwa ulikuwa umeweka kinga zifaazo, na kinga inayotajwa kwa jina ni kusimba data. Nywila ya BIOS haitajwi popote.

| | Nywila ya mipangilio | Nywila ya kuwasha | Nywila ya diski | Kusimba (TPM + PIN) |
|---|---|---|---|---|
| Huulizwa lini | Ukiingia BIOS | Kila ukiwasha | Kila ukiwasha | Kila ukiwasha |
| Diski ikichomolewa na kuwekwa kwingine | Inasomeka | Inasomeka | Inakataa | Haisomeki |
| Stima ikirudi usiku | Inajiwasha | Inasubiri mtu | Inasubiri mtu | Inasubiri mtu |
| Ukisahau | Jampa (kiunganishi kidogo cha pini kwenye madabodi), au mtengenezaji | Vivyo hivyo | Diski hufutwa au hutupwa | Tarakimu 48, au data imekwenda |

Jedwali linaonyesha tofauti. Halionyeshi ni safu gani itakayokuuma.

Nywila ya mipangilio

Hii huingia kazini pale tu mtu anapotaka kubadilisha kitu ndani ya BIOS. HP huiita BIOS Administrator Password, Dell ni Admin Password, Lenovo ni Supervisor au Administrator kulingana na modeli. Unaingia kwa F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell, F1 kwenye Lenovo, unaiweka mara moja, na wafanyakazi wako hawataiona tena. Ndiyo maana naipenda: haimsumbui mtu, na bila yake kinga nyingine zote zinaning'inia hewani. Yeyote anaweza kuzima Secure Boot, kufuta TPM au kuiambia mashine ianzie kwenye flashi.

Ila kuiweka peke yake hakutoshi. Baada ya kuiweka, nenda kwenye orodha ya kuanzia mashine uondoe USB, na uzime kuanzia mtandaoni kama huna matumizi nako. Kisha kuna mlango wa pembeni ambao wengi huuacha wazi: ile menyu ya mara moja ya kuchagua pa kuanzia, F12 kwenye Dell na Lenovo, F9 kwenye HP. Kwenye baadhi ya mashine menyu hiyo haiulizi nywila hata kama umeweka ya mipangilio. Dell wana kipengele kinachoitwa UEFI Boot Path Security. Kiweke kwenye "Always, Except Internal HDD", mashine itaanza kawaida kwa diski yake na kudai nywila kwa kitu kingine chochote. Ukimaliza, jaribu mwenyewe. Chomeka flashi yenye Ubuntu, bonyeza F12, uone kama unapita.

Udhaifu wake uko ndani ya sanduku. Kwenye Dell nyingi za mezani kuna jampa ndogo juu ya madabodi iliyoandikwa PSWD; ukiichomoa na kuwasha mashine, nywila zinafutika. Sanduku lenyewe mara nyingi halihitaji hata bisibisi, ni kuvuta kitasa tu. Kwa hiyo kile kitanzi cha chuma kilicho nyuma ya mashine nyingi za ofisi kina kazi: pitisha kufuli. Kuna pia swichi ya kugundua kifuniko kikifunguliwa, ambayo huandika onyo mashine ikiwashwa. Haizuii kitu, lakini inakuambia fundi alifungua alichosema hakufungua.

Na lile jambo la kung'oa betri ya CR2032 ili nywila ipotee? Kwenye mashine nyingi za daraja la ofisi halisaidii. Nywila huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji betri, kwa hiyo utapoteza saa na tarehe, nywila utaikuta palepale.

HP wana mpangilio kwenye baadhi ya modeli unaoiambia mashine isiitii jampa ya kufuta nywila. Kwa benki, sawa. Kwa duka la mtu mmoja nakushauri uuache kama ulivyo, kwa sababu siku utakayosahau, kitakachobadilishwa ni madabodi.

Nywila ya kuwasha

Hii ndiyo inayoonekana kuwa kali. Skrini nyeusi, kisanduku, kielekezi kinachopepesa. Mteja anayeisubiri kazi yake akiona hivyo anadhani yuko ofisi ya usalama wa taifa.

Hapa kuna mazungumzo yanayojirudia mashine inapoibwa:

"Fundi, si ile mashine iko na password?"

"Iko nayo, mama. Diski ndiyo haina."

Nywila ya kuwasha inaifunga madabodi. Diski ikitolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, faili zinafunguka kana kwamba hakukuwa na kitu. Ni kufunga mlango wa kibanda kwa kufuli la shaba huku mabati ya nyuma hayajapigiliwa misumari.

Tena ina gharama ambayo hapa kwetu haiepukiki, nayo ni stima. Mashine za ofisi zina mpangilio wa nini kitokee umeme ukirudi: HP na Lenovo huuita After Power Loss, Dell huuita AC Recovery. Ukiuweka kwenye Power On, stima ikipotea saa nane usiku na kurudi saa tisa, mashine inajiwasha na kuendelea kugawa faili kwa laptopu za ofisi au kumalizia kazi iliyopangwa. Ukiwa na nywila ya kuwasha, itajiwasha kisha isimame kwenye kisanduku hadi mtu afike asubuhi. Ukiwa na wafanyakazi watatu wa zamu, nywila hiyo itaishia kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya skrini. Sijaona duka ambalo halikufika huko.

Nywila ya diski

HP huiita DriveLock, wengine Hard Disk Password. Hii ni tofauti na zile mbili kwa sababu anayekataa ni diski yenyewe. Ihamishie mashine nyingine, bado inakataa. Toa betri, cheza na jampa, hakuna. Kwa mwizi wa kawaida hiyo inatosha kabisa.

Tatizo ni kwamba kukataa na kusimba ni mambo mawili. Kwenye diski za kuzunguka na SSD nyingi za SATA zisizojisimba zenyewe, data imekaa wazi na mlinzi ni programu dhibiti ya diski tu. Mwenye vifaa vya kuokoa data anaweza kumpita. Hata zile zinazojisimba hazikutoka salama. Novemba 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba SSD kadhaa maarufu za Crucial na Samsung zilikuwa na dosari zilizoruhusu data kusomwa bila nywila. Mwaka uliofuata Microsoft walibadilisha BitLocker isiziamini tena diski hizo kwa chaguo-msingi, ikawa inasimba yenyewe kwa programu.

Ukisahau nywila hii, diski nyingi za kujisimba zina namba ndefu ya PSID iliyochapishwa kwenye lebo. Namba hiyo hufungua diski kwa kuifuta yote. Diski inarudi kazini, kazi yako hairudi. Na kwa SSD za NVMe kila mtengenezaji ana njia yake, kwa hiyo nywila uliyoweka kwenye HP isitarajiwe kukubalika ukihamishia diski kwenye Dell.

Naona nafasi moja tu kwayo: mashine ya zamani isiyo na TPM, inayotumia Windows Home, ambayo mwenyewe hataki kuongeza programu yoyote.

Kusimba diski

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na faida kubwa na pia ndipo watu hupoteza kila kitu.

Kwenye Windows Pro kuna BitLocker, programu ya kusimba iliyomo ndani yake. TPM hushika ufunguo, na huutoa tu ikiwa mashine imeanza kwa njia ileile iliyoanza nayo siku ya kusimba. Kwa hali ya kawaida haiulizi kitu: unawasha, unafika kwenye Windows. Mwizi akitoa diski, anapata fumbo tupu. Akiiacha diski ndani, anafika kwenye skrini ya kuingilia ya Windows na hapo nywila yako ya Windows ndiyo inayosimama.

Je, hiyo ya TPM peke yake inatosha? Kwa mwizi wa mtaani, ndiyo. Kwa mtu anayekutafuta wewe hasa, hapana. Mapema mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha kwa Raspberry Pi Pico, kifaa cha bei ndogo sana, jinsi ya kunasa ufunguo ukipita kutoka kwenye chipu ya TPM ya laptopu ya Lenovo, kwa muda usiofika dakika moja. Hilo linawezekana pale TPM ilipo chipu ya pekee kwenye madabodi. Ile iliyojengwa ndani ya prosesa haina nyaya za kusikilizwa hivyo. Dawa ni kuongeza PIN: kwenye gpedit (kihariri cha sera cha Windows) washa "Require additional authentication at startup", kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi andika `manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN`. PIN huanzia tarakimu sita. TPM yenyewe huhesabu makosa na kukataa kubahatisha kusiko na mwisho, kwa hiyo tarakimu sita hapa zina nguvu kuliko unavyodhani, mradi isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Sasa yale yanayouma. BitLocker hutengeneza ufunguo wa kuokoa wa tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Ukisasisha BIOS, ukizima Secure Boot, ukifuta TPM au ukibadilisha madabodi, mashine inaweza kuona mambo hayako kama zamani na kufungua skrini ya buluu inayodai tarakimu hizo. Haina hasira nawe, inafanya ilichoambiwa. Usipokuwa nazo, hakuna fundi wa Kisumu, Nairobi wala Marekani atakayekusaidia.

Ufunguo huo huwa wapi? Mashine ikiwa imeingiwa kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi hupakiwa kwenye akaunti hiyo. Hapa kuna mtego wa kwetu kabisa. Fundi anakuwekea Windows 11, mashine inadai akaunti, anaweka yake ili amalize kazi haraka. Kuanzia toleo la 24H2, usakinishaji mpya huanza kusimba diski wenyewe kwenye mashine nyingi, hata za Home. Mwenye mashine hajui kuna usimbaji, na ufunguo wake uko kwenye akaunti ya fundi ambaye huenda amehamia Eldoret. Au akaunti ilifunguliwa saiba kwa namba ya simu iliyokwisha kufa. Kabla hujafanya jambo lolote kwenye BIOS, andika `manage-bde -protectors -get C:` uone kama kuna ufunguo. Ukiuona, uandike kwa kalamu, mara mbili, karatasi mbili tofauti. Moja isikae kwenye droo ya meza ilipo mashine. Na kama mashine iliwekwa kwa akaunti ya fundi, tengeneza ufunguo mpya na kuufuta wa zamani baada ya kuingia kwa akaunti yako.

Kwenye Home yenye usimbaji huo wa kujiwasha, PIN haipatikani. Wanaotaka nywila kabla ya Windows hutumia VeraCrypt, programu nyingine ya kusimba, ambayo haitegemei TPM hata kidogo. Kwa wanaotumia Ubuntu kwa kazi za ramani au michoro, LUKS, mfumo wa kusimba wa Linux, huchaguliwa wakati wa kusakinisha; huuliza nywila kila ukiwasha na hukubali zaidi ya nywila moja, kwa hiyo wewe na mshirika wako kila mmoja anaweza kuwa na yake. Hifadhi pia nakala ya kichwa cha LUKS, sehemu ya diski inayoshika funguo, kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`. Kichwa kikiharibika, hata nywila sahihi haina pa kufungulia.

Kuhusu kasi, mashine yenye SSD na prosesa ya miaka kumi iliyopita ina maagizo ya AES, ya kuharakisha usimbaji, ndani yake. Kwenye kazi ya Photoshop au AutoCAD sijasikia mtu akilalamika.

Secure Boot na kile isichokizuia

Secure Boot hukagua saini ya programu ya kwanza inayoanzisha mashine. Ilikuja kwa wingi na Windows 8 mwaka 2012. Kazi yake ni yule adui wa nne, programu hasidi inayojichomeka kabla ya Windows. Haifungi diski. Na jambo linaloshangaza wengi: haimzuii mtu mwenye flashi ya Ubuntu, kwa sababu kianzishi cha Ubuntu kimetiwa saini ya Microsoft na Secure Boot inakipokea kwa heshima zote. Akishaingia, diski isiyosimbwa anaisoma. Anayetaka kumzuia huyo arudi kwenye nywila ya mipangilio na kufunga kuanzia USB.

Hata kwa kazi yake yenyewe haijawa ngome isiyobomoka. Machi 2023 kampuni ya ESET ilichapisha uchambuzi wa BlackLotus, programu hasidi iliyoweza kuipita Secure Boot kwenye Windows 11 iliyosasishwa kikamilifu. Mwaka 2024 kampuni ya usalama ya Binarly iligundua mamia ya modeli za kompyuta zilizouzwa zikiwa na ufunguo wa majaribio, ambao kwenye jina lake umeandikwa kwamba usiaminiwe. Bado naiwasha kila mahali, kwa sababu haigharimu kitu na BitLocker hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa imewashwa.

Kwenye mashine ya kazi ya zamani kuna mambo ya kuangalia kwanza. Secure Boot inahitaji UEFI kamili (BIOS ya kisasa), bila ile hali ya Legacy au CSM inayoiga BIOS ya kale. Kama Windows ilisakinishwa kwa mtindo wa zamani, geuza diski kwa MBR2GPT, zana iliyomo ndani ya Windows, kabla ya kubadilisha chochote, ukiwa umeshaweka nakala rudufu. Kadi ya michoro iliyotengenezwa kabla ya enzi ya UEFI inaweza isionyeshe kitu ukizima CSM: mashine inawaka, feni inazunguka, skrini tupu. Na kwa wenye NVIDIA kwenye Ubuntu, siku ya kusakinisha dereva utaombwa nywila ya muda, kisha baada ya kuwasha upya itakuja skrini ya buluu ya kusajili ufunguo. Usiiruke. Ukiiruka, dereva haitapakiwa na utalaumu kadi.

Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vinavyotumiwa na Secure Boot vinaanza kuisha muda Juni 2026. Mashine haitakataa kuwaka kwa sababu hiyo, lakini isiyopata vyeti vipya itakosa masasisho ya usalama ya sehemu hiyo. Ex-UK ambayo haijasasishwa BIOS tangu ilipotoka kiwandani ndiyo ya kwanza kubaki nyuma.

Ukiwa bado dukani, kabla ya kulipa

Omba mashine iwashwe, bonyeza F10, F2 au F1 kulingana na jina lake. Ikidai nywila, mwambie muuzaji aifungue ukiwa hapo, au muachane kwa amani. Tafuta Absolute au Computrace, programu ya kufuatilia mashine iliyoibwa: ikiwa imeamilishwa na kampuni ya zamani, mashine bado ina mwenyewe kwa namna fulani. Angalia TPM ni toleo gani. Windows 11 inataka 2.0, na mashine nyingi za kabla ya 2016 zina 1.2, ingawa baadhi hupandishwa kwa sasisho la mtengenezaji. Kwenye mashine za Intel vPro, kuna AMT, inayomruhusu msimamizi kuiendesha kutoka mbali. Nywila yake ya kiwandani ni "admin". Kama huna matumizi nayo, izime. Ukifika nyumbani, futa TPM kabla ya kusimba chochote, usirithi funguo za mtu.

Basi uchague ipi

Duka la uchapishaji lenye mashine moja na vijana wa zamu: nywila ya mipangilio unayoijua wewe peke yako, USB isianzishe mashine, Secure Boot, na BitLocker ya TPM bila PIN. Vijana hawatajua hata kama kuna kitu kimebadilika, na AC Recovery itaendelea kufanya kazi yake stima ikirudi.

Wakili, mpimaji ardhi, zahanati, au yeyote anayeshika siri za watu: yote hayo pamoja na PIN. Kubali kwamba mashine haitajiwasha peke yake usiku. Nunua UPS nzuri badala ya kuondoa PIN.

Mashine inayofanya kazi ya seva kwenye chumba kilichofungwa, tuseme ya sacco au saiba kubwa ya Nakuru: TPM bila PIN, kufuli la chuma kwenye sanduku, AMT imezimwa, na mlango wa chumba uwe na ufunguo mmoja unaojulikana uko kwa nani.

Mashine ya zamani kabisa, Home, bila TPM: VeraCrypt. Ukishindwa, nywila ya diski.

Mpangilio wa kufanya kazi nao una maana. Anza na nakala rudufu, kisha sasisho la BIOS, na hilo lisifanyike bila UPS wakati wa mvua za radi zinazotoka upande wa ziwa. Laptopu hukataa kusasisha betri ikiwa chini; kompyuta ya mezani haikuulizi. HP zenye Sure Start hujirekebisha BIOS ikiharibika, na Dell nyingi za karibuni huingia kwenye uokoaji ukishikilia Ctrl na Esc wakati wa kuwasha, lakini hayo ni ya kutumia ukiwa umekwama. Ikiwa BitLocker tayari iko, isimamishe kwa muda kabla ya sasisho. Baada ya hapo weka UEFI na Secure Boot, futa TPM kama diski bado haijasimbwa, simba diski, andika tarakimu 48, na nywila ya mipangilio iwe ya mwisho. Kisha fanya jaribio ambalo karibu kila mtu huliruka: chomeka diski hiyo kwenye mashine nyingine na uifungue kwa tarakimu ulizoandika kwenye karatasi, ukisoma kutoka kwenye karatasi yenyewe, uone kama 1 yako na 7 yako zinatofautika.